Maili Sita za Mwinyimvua

Tangu alfajiri ya Ijumaa ile wingu lilishuka likalala juu ya mikoko kama kuku aliyeatamia, na halikuonyesha dalili ya kuinuka. Mvua yenyewe haikuwa mvua. Yalikuwa manyunyu tu, ya kulowesha nguo bila kujaza mtungi. Nassibu alitoka kibandani mara ya tano kuutazama mfuko wa upepo. Ulikuwa umening'inia mlingotini, umelowa, umenywea.

Kibanda kilikuwa cha serikali, na uwanja uliokuwa mbele yake ulikuwa wangwa wa Mbuchi: ardhi tupu nyuma ya mikoko, nyeupe kwa chumvi, ngumu kama sakafu, isiyoota hata jani. Mwaka uliopita Mzungu wa ramani alikuja na vigingi na kamba, akaupima, akaupigapiga kwa kisigino, akasema hapa ndege itatua. Akamwajiri Nassibu awe mtunzaji wa uwanja. Akampa saa ya mkono, bendera mbili, na kitabu cha alama za viwanja.

Nassibu alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, mtu wa vilima vya upande wa Kibiti, aliyesoma mpaka darasa la nane na kuja delta kwa ajili ya kazi, kisha akabaki kwa ajili ya Mwanamina. Kazi yake aliipenda kama mtu anavyopenda dini. Aliamini kwamba watu wa delta hawafi kwa maradhi tu, wanakufa kwa umbali. Ukutani mwa kibanda aliandika kwa mkaa, herufi kubwa kubwa: DAR ES SALAAM – MBUCHI, MAILI 66, DAKIKA 38 NA NUSU. Kila aliyepita alisomewa.

"Kutoka hapa kwenda Kibiti ni siku nzima, mtumbwi na miguu," alikuwa akisema. "Dar es Salaam ni dakika thelathini na nane! Dar es Salaam imekuwa jirani yetu kuliko Kibiti."

Watu walicheka, lakini walipofika nyumbani walisimuliana.

Ndege ilikuwa imetua mara mbili tu, na mara zote mbili alikuwemo Mzungu wa ramani mwenyewe, wakati wa kiangazi, mbingu safi. Haikuwahi kuja wakati wa masika. Haikuwahi kuja na rubani asiyeijua njia.

Leo ndiyo siku iliyotakiwa kuja. Mwanamina alishikwa na uchungu Jumatano jioni, na mpaka sasa mtoto hajatoka. Mkunga alikwisha kufanya yote aliyoyajua. Alhamisi alfajiri Nassibu alituma barua Kibiti, ipigwe simu Dar es Salaam, daktari aje kwa ndege amchukue. Sasa alingoja jibu, na kila aliponyamaza aliisikia sauti ya mkewe ikitoka katika nyumba ya mama mkwe wake, hatua mia mbili hivi kutoka uwanjani. Jana ilikuwa sauti ya kulia. Leo ilikuwa kama ya mtu anayebeba mzigo mzito na pumzi inamwishia.

Saa saba u nusu, watu wametoka msikitini, mtumbwi ulitokeza kwenye kijito. Aliyepiga kafi alikuwa Mzee Mwinyimvua, mwendesha mitumbwi mkongwe kuliko wote Mbuchi, ambaye ujanani aliwapeleka Wazungu wa boriti, wanunuzi wa miti ya mikoko, kwenye kila kona ya delta. Mbele yake alikuwa amejikunja Mussa, tarishi wa Kibiti, kakumbatia mkoba.

"Karani!" Mussa alipiga kelele hata kabla hajashuka. "Mwambie huyu baba yenu wa majini aache uongo! Tangu asubuhi namwuliza tumefika, ananiambia pale tu. Pale tu, pale tu! Nimezeeka ndani ya mtumbwi!"

"Mtu wa vilimani, ukiona maji ya kisima unaomba msaada," alijibu Mwinyimvua akicheka. "Ningekwambia kweli ungelia njia nzima."

Nassibu hakucheka. Alinyoosha mkono, akapewa barua, akaifungua palepale kwenye manyunyu na kuisoma kwa sauti ili mwenyewe aamini.

"Ndege itaondoka uwanja wa Dar es Salaam saa tisa kamili alasiri, pamoja na daktari. Rubani ni mgeni wa njia. Kwa kuwa wingu liko chini, atafuata pwani hadi mlango wa mto, maili sitini, dakika thelathini na tano. Kutoka mlangoni ataingia bara kwa hesabu ya saa: maili sita, dakika tatu na nusu, kisha atashuka kwenye wangwa utakaokuwa mbele yake. Hatazunguka kutafuta, kwa sababu ya hali ya hewa."

"Alhamdulillahi," alisema Mussa.

Mwinyimvua alikuwa akikamua kanzu yake. Alisita, maji yakimtiririka vidoleni.

"Kutoka mlangoni hadi hapa maili ngapi, umesema?"

"Sita."

Mzee akaangua kicheko. "Sita! Nani kamdanganya Mzungu maili sita?"

Nassibu alimtazama. "Wewe, mzee."

"Mimi?"

"Mwaka jana. Nilipotakiwa kuandika umbali wa njia, wewe ndiye uliyenichukua kutoka mlangoni. Nilikuuliza mbele za watu, kutoka hapa hadi Mbuchi maili ngapi? Ukaniambia sita. Nikaziandika."

Kicheko kilimtoka Mwinyimvua usoni polepole, kama maji yanavyotoka kwenye matope.

"Nassibu," alisema. "Ulikuwa umetapika mara tatu siku ile. Ulikuwa umelala kwenye ngama, chini kabisa ya mtumbwi, kama samaki. Nilikuwa nakukatia njia, mwanangu."

Hii ilikuwa desturi yao, na hakuna aliyeiona kuwa uongo. Katika delta, mtu aliye safarini haambiwi umbali wa kweli. Anayeuliza hukatiwa njia: kama imebaki siku, huambiwa mchana, kama imebaki kona kumi, huambiwa tano. Wanasema mdomo unaotamka "mbali" huuongeza mto kona. Na kila mzaliwa wa pale, akisikia "pale tu," huongeza mwenyewe moyoni na kuendelea kupiga kafi. Lakini Nassibu hakuzaliwa pale. Siku ile alifurahi kuambiwa sita, akajilaza tena, akasinzia mpaka Mbuchi. Hakuitazama saa yake. Kisha akaichukua huruma ya mzee akaiandika kwa wino katika kitabu cha serikali.

"Za kweli ni ngapi?" aliuliza.

"Wazungu wa boriti walikuwa wakihesabu kumi na mbili."

"Na penye sita? Nusu ya njia kuna nini, mzee?"

Mwinyimvua alitazama upande wa bahari, wingu lilikofunika kila kitu.

"Kwa Kijakazi," alisema.

Hata Mussa, mtu wa vilimani, alikuwa amelisikia jina hilo. Ulikuwa wangwa pia, mpana kuliko wa Mbuchi, nao ukikauka maji huwa mweupe na laini, unapendeza macho. Lakini weupe wake ulikuwa ukoko tu, mwembamba kama wa uji uliopoa. Chini yake tope halikuwa na mwisho. Kijakazi alikuwa mwanamke aliyekatiza pale zamani kufuata kaa. Walikuta kikapu chake.

Nassibu alihesabu. Saa tisa ndege itaondoka. Saa tisa na dakika thelathini na tano itakuwa mlangoni. Dakika tatu na nusu baadaye rubani mgeni atatoka winguni, ataona mbele yake uwanja mweupe, palepale karatasi iliposema utakuwepo. Kwa nini asitue?

Kibiti ni siku nzima. Hakuna barua itakayowahi. Hata akiwasha moto hapa, moshi hautapenya wingu lile kwenda maili sita.

"Mussa," alisema, "kaa hapa uwanjani. Mwite kila mtu, mwashe moto pande zote mbili, majani mabichi juu, ili rubani akikatazwa kule asonge mbele auone moshi. Mwambieni mkunga Mwanamina aletwe hapa kibandani kwa kitanda. Mzee, usishuke mtumbwini."

Akakimbia.

Kitabu cha alama kilikuwa na picha nyingi, lakini moja aliikumbuka bila kukifungua: msalaba mkubwa mweupe uliolala chini, mfano wa vijiti viwili vilivyopandana. Maana yake, usitue hapa. Alihitaji nguo nyeupe, ndefu, na nyumbani kwa mama mkwe wake kulikuwa na kanga na vitambaa vya rangi vilivyokwisha kuloa damu.

Bi Mashavu alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, ushungi umemfunika nusu ya uso kama ilivyo heshima mbele ya mkwe. Hakumwuliza mara mbili. Aliingia ndani, likasikika sanduku likifunguliwa, akarudi na bafta iliyokunjwa, bado inanukia udi na karafuu maiti.

"Ndefu kuliko hii sina," alisema.

Nassibu aliitambua. Ilikuwa sanda yake. Alijiwekea mwenyewe, kama wafanyavyo wazee wanaotaka kuondoka duniani bila kumsumbua mtu.

Mkunga alitoa sauti kutoka ndani. "Bi Mashavu! Na mgonjwa yumo humu? Sanda ikitoka sandukuni hutafuta mtu!"

"Basi ikatafute tope," alisema Bi Mashavu, akamtilia Nassibu mikononi.

Alikuwa amekwisha kugeuka aliposikia jina lake. Mwanamina alikuwa nyuma ya pazia la kanga, mahali mwanamume asipoingia.

"Nassibu. Ndege iko wapi?"

Ndege ilikuwa bado imesimama Dar es Salaam. Baina yao kulikuwa na maili sabini na mbili, na katikati ya maili hizo tope. Kijana aliyeamini kweli kuliko kitu chochote alifungua kinywa chake.

"Pale tu, mke wangu," alisema. "Pale tu."

Akaenda mtoni, na maneno yale yakamfuata.

Maji yalikuwa yanakupwa, nayo yaliwachukua. Mwinyimvua nyuma, Nassibu mbele, makafi yakiingia na kutoka pamoja. Mikoko ilipita pande zote mbili, mizizi yake imesimama juu ya tope kama vidole vilivyokataa kuzikwa. Hakuna ndege wa angani aliyelia. Kila kona ilifunguka ikaonyesha kona nyingine.

Kwenye kona ya nne Nassibu aliuliza, "Zimebaki ngapi?"

"Chache."

"Mzee, usinikatie njia. Leo nataka kujua."

"Nikikwambia utachoka."

"Nikichoka nitachoka. Lakini nijue."

Mwinyimvua alipiga makafi matatu. Katika miaka yake yote hakuna abiria aliyewahi kumwomba kitu kama hicho, naye alihisi kama mtu anayetakiwa kumvua mwenzake nguo barazani.

"Kona kumi na moja," alisema kwa sauti ndogo. "Na mbili kati yake ni ndefu. Huenda tusiwahi, Nassibu."

Ilikuwa kweli kama wazee walivyosema: mikono ya Nassibu ikawa mizito papo hapo. Aliitazama saa. Saa nane na dakika thelathini. Akagawa dakika kwa kona, akaona kila kona ina dakika tano na si zaidi, na akaanza kupiga kafi kwa hesabu hiyo. Waliiwahi ya kwanza. Ya pili wakachelewa dakika moja, ya tatu wakairudisha. Uzito haukumtoka, lakini sasa alijua ni wa kiasi gani.

Walipofika Kwa Kijakazi ilikuwa saa tisa na dakika ishirini na nne. Maji yalikuwa yamekauka kabisa, na wangwa ulikuwa mbele yao mpana, mweupe, umenyooka, bila doa. Nassibu aliutazama. Ulikuwa mzuri kuliko wake. Angekuwa yeye rubani, angetua hapa na kumshukuru Mungu.

"Usisimame," alisema Mwinyimvua. "Lalia mtumbwi, usukume kwa miguu."

Walipanda topeni wakiwa wameulalia mtumbwi kifua, mmoja huku, mmoja kule, miguu ikizama hadi magotini na kutoka kwa sauti ya kunyonya. Hatua thelathini. Hamsini. Ukoko ulikatika kila walipogusa, na chini yake palikuwa peusi. Nassibu aliipasua bafta kwa urefu ikawa mikanda miwili, kila mmoja wa yadi kumi, na kule kupasuka kwake kulisikika wangwa mzima. Wakautandaza mkanda wa kwanza, wakaukaza kwa vijiti vya mkoko. Wakauanza wa pili.

Ndipo ikasikika. Ilitoka upande wa bahari, ndogo, kama nyuki ndani ya mtungi. Nassibu aliitazama saa: dakika thelathini na sita. Iko mlangoni.

"Moja," alianza kuhesabu bila kujijua.

Nusu ya mkanda wa pili ilikuwa imelala vizuri. Nusu nyingine Mwinyimvua aliitandaza, na tope likaimeza ikiwa bado mkononi mwake. Weupe uliingia weusi kama sukari inavyoingia kahawani. Msalaba ukabaki na mkono uliokatika, na kutoka juu ungeweza kuwa chochote, hata kamba ya wavuvi iliyosahauliwa.

"Ivute! Isimamishe!"

Walisimama wote wawili, kila mmoja kashika ncha, wakaunyanyua mkanda ule hewani ukichuruzika tope. Nassibu alizama hadi mapajani. Alivua kanzu yake ya Ijumaa kwa mkono mmoja, akaitupa mahali palipopungua weupe. Dakika tatu. Ngurumo ilikuwa imejaa kila mahali, haina upande. Kisha wingu likachanika juu ya mikoko na ndege ikatoka, chini mno, magurudumu yamening'inia, inakuja kwao moja kwa moja.

Ilishuka. Ikashuka tena. Nassibu aliona kioo chake na nyuma ya kioo kichwa cha mtu. Hakupunga mkono. Aliogopa rubani angedhani anamkaribisha. Aliishika tu sanda ya mama mkwe wake ikiwa imenyooka, akasema shahada.

Ndege ilinguruma kama mnyama aliyechomwa, ikainua pua. Upepo wake uliwalaza topeni. Magurudumu yalipita juu yao, ikapanda, wingu likaimeza, na sauti ikaendelea bara, upande wa Mbuchi.

"Hesabu," alisema Mwinyimvua, tope mdomoni. "Hesabu, mwanangu."

Walihesabu wote wawili kwa sauti. Kabla dakika ya nne haijaisha ngurumo ilishuka, ikakohoa, ikakatika.

"Imetua?" aliuliza Nassibu.

Mzee hakumkatia njia. "Sijui," alisema.

Iliwachukua muda mrefu kujitoa. Mwinyimvua alilala juu ya mtumbwi akamvuta Nassibu kwapani, kidogo kidogo, mpaka tope lilipomwachia. Sanda hawakuweza kuitoa. Maji yalipoanza kurudi yaliipitia taratibu, ikaonekana kidogo chini yake, kisha haikuonekana.

Walirudi na maji yanayojaa. Kwenye kona ya sita sauti ilipita juu yao ndani ya wingu, ikielekea bahari. Nassibu aliitazama saa yake iliyojaa tope, akaifuta kwa kidole: saa kumi na dakika arobaini na moja. Ndege iliyoondoka ilikuwa imetua salama, hilo walilijua. Nani alikuwamo, hawakujua.

Bi Mashavu alikuwa amekaa peke yake mlangoni mwa kibanda, miguu ameinyoosha. Mioto miwili ilikuwa inafuka. Alimwona mkwewe akija bila kanzu, mweusi kwa tope hadi shingoni, na kwa mara ya kwanza hakuvuta ushungi.

"Amepanda," alisema kabla hajaulizwa. "Yuko hai, na mtoto bado anacheza tumboni. Mkunga amefuatana naye."

Nassibu alikaa chini palepale.

"Daktari alisemaje?"

"Hakusema atapona. Alisema imechelewa, lakini si kuchelewa kabisa." Alikung'uta majivu kwenye kanga yake. "Mwanamina alipokuwa anapandishwa aliniuliza, mama, Dar es Salaam ni mbali? Nikamwambia pale tu."

Nassibu aliitazama saa. Saa kumi na moja na dakika kumi na nne. Akainua macho ukutani, penye maandishi yake ya mkaa, akajisahihisha kimoyomoyo: maili sabini na mbili, dakika arobaini na mbili.

"Zimebaki dakika tisa, mama," alisema.

Walikaa, mkwe na mama mkwe, bila kutazamana, Mwinyimvua amechuchumaa hatua chache mbali nao. Mussa alikuja na maji ya kunawa, akaona, akayaweka chini bila utani wowote. Dakika tisa zilipita. Wingu lilikuwa bado limeatamia. Mfuko wa upepo ulijigusa mara moja kwenye mlingoti, ukanyamaza.

"Wamefika," alisema Nassibu.

"Na habari italetwa na nani?"

"Simu itapigwa Kibiti. Kisha tarishi aje nayo."

"Kutoka Kibiti ni mbali?" aliuliza Bi Mashavu, ingawa alizaliwa Mbuchi na aliijua njia hiyo tangu kabla Nassibu hajazaliwa.

Mwinyimvua aliinua kichwa akamtazama kijana. Nassibu naye alimtazama mzee, kisha akawatazama watu wa nyumba ya Bi Mashavu waliokuwa wakisogea mmoja mmoja kutoka kwenye mioto.

"Ni mbali, mama," alisema. "Siku nzima, au mbili maji yakikataa. Nitakaa na wewe."